Picha za Babu Mwanajeshi Zisiachiwe Mchwa

Si ajabu, katika boma la Rongai, kukuta sanduku la bati chini ya kitanda cha mzee. Ndani mna hati ya shamba, stakabadhi za maziwa za miaka mingi, na kati ya hizo picha iliyokunjika pembe: kijana wa kaptula ya khaki na soksi za kufika magotini, amekaza uso mbele ya kamera. "Huyo ni babu, alikuwa Keya," wajukuu husema. Wakiulizwa alikuwa kikosi kipi, alipigana wapi, na yule aliyesimama kando yake ni nani, hawana jibu.

Wasidhani kwamba jibu limehifadhiwa kwingine. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Huenda idadi ikafika 350,000. Wapagazi wa Kariokoo, yaani Carrier Corps, wamo katika hesabu hiyo. Dola iliyowachukua vijana hao haikuona haja ya kuandika walikuwa akina nani. Kwa hiyo jina lililo kichwani mwa shangazi wa miaka 80 pale Visoi huenda ndilo daftari pekee lililobaki, na daftari hilo halina nakala.

Vita vya Pili vilifuata, na Kenya pekee ilitoa karibu watu 98,000. Keya, yaani King's African Rifles iliyoundwa mwaka 1902, ilipigana na Waitaliano Ethiopia mwaka 1941, ikaenda Madagaska mwaka 1942, kisha Bama (Burma). Huko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, ndani ya matope na malaria, hadi kuufikia mto Chindwin mwezi Desemba. Wengine hawakufika hata bandarini. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kumbukumbu yao iko katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Ni familia ngapi za Bonde la Ufa zilizowahi kwenda kutafuta jina pale?

Picha yenyewe husema mengi kwa anayejua kuisoma. Kichwa cha kifaru begani ni alama ya Divisheni ya 11. Tepe mkononi huonyesha cheo. Minazi nyuma ya askari haimaanishi lazima Mombasa, kwani divisheni hiyo ilifanya mazoezi Ceylon kabla ya kuvuka kwenda Bama. Mhuri wa studio nyuma ya karatasi waweza kutaja mji. Wala asidharauliwe babu aliyepigwa picha bila bunduki: jeshi lile lilikuwa na madereva, wapishi, makarani, wauguzi na wachimba barabara, na risasi na malaria hazikuwabagua. Nishani nazo ziwekwe pamoja na picha, kwa kuwa Uingereza ilizitoa zile za Vita vya Pili bila kuchonga jina la aliyepewa. Zikitengana na picha pamoja na cheti cha kuachishwa jeshi, zinabaki vipande vya madini tu.

Kuna sababu nyingine ya kujali, nayo inagusa ardhi ambayo watu wa Rongai wanailima leo. Baada ya vita vya kwanza, mpango wa mwaka 1919 uliwagawia askari wa kizungu mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Mwafrika aliyebeba mizigo yao hakupata hata ekari. Baada ya vita vya pili, waliorudi kutoka Bama walikuta kitambulisho cha kipande na kazi ya shamba la mzungu vikiwangoja. Waruhiu Itote alikuwa mmoja wa hao waliorudi, naye baadaye akaingia msituni akijulikana kama Jenerali China. Mjukuu anayejua babu yake alikuwa wapi mwaka 1944 ataelewa vizuri zaidi kwa nini vita vya Mau Mau vya mwaka 1952 vilikuja jinsi vilivyokuja.

Sasa kazi. Picha isipelekwe kulaminishwa, maana joto la mashine na gundi yake huiharibu kwa namna isiyorekebishika. Isibandikwe kwa selotepu, isitundikwe juu ya jiko penye moshi. Iwekwe ndani ya bahasha safi ya karatasi, mahali pakavu palipoinuka kutoka sakafuni. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kisha ipigwe kwa simu nje, kivulini, bila fleshi, mbele na nyuma, au ikaskaniwe saiba, na nakala ziende kwa ndugu wanaokaa mbali. Hili la mwisho watu wa Rongai hawahitaji kufundishwa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai, likaua watu zaidi ya 40 na kuzoa nyumba pamoja na kila kilichokuwamo. Na kabla ya hapo, moto wa ghasia za 1992 na za 2007 ulipopita katika Bonde la Ufa, aliyekimbia na mtoto mgongoni hakurudi kuchukua albamu.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Baba au shangazi asianze kuulizwa babu aliua wangapi. Aulizwe babu alipenda kuimba nini, alikula nini melini, rafiki yake wa Keya alitoka wapi, aliporudi alileta nini. Bibi naye asisahaulike, kwani ndiye aliyebaki shambani akisomewa barua, na mara nyingi ndiye anayejua majina ya wenzake mumewe. Sauti zinaswe kwenye simu.

Anayetaka kuendelea zaidi ana pa kwenda. Orodha ya Tume ya Makaburi iko kwenye intaneti bila malipo. Ila ajaribu tahajia nyingi, kwa sababu karani wa jeshi aliandika jina la Kikalenjini au la Kikikuyu jinsi alivyolisikia. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi. Jumba la Makumbusho ya Vita la Imperial, London, lina picha za askari wa Divisheni ya 11 wakiwa Bama, na huenda uso wa mmoja wao unafanana na ule wa kwenye sanduku. Desemba ikifika na watoto wote wakiwa nyumbani, sanduku lifunguliwe mezani mchana, wazee wakiwapo, na penseli iwe karibu.