Dawa ya kichocho isiishie shuleni

Mvuvi wa Ukerewe akitapika damu, watu husema ni vidonda vya tumbo; wengine hutaja uchawi. Chanzo kinaweza kuwa kichocho alichokipata tangu utotoni, akioga ziwani.

Minyoo ya kichocho cha tumbo huishi miaka mingi kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Madhara makubwa hayatokani na minyoo yenyewe bali mayai yake. Mengine hutoka na choo, mengi hubaki, yakasombwa na damu hadi kwenye ini. Kinga ya mwili huyazingira, na hapo hubaki makovu. Makovu yakizidi, ini hukakamaa, damu hukosa njia, bandama huvimba, na mishipa ya umio hutuna hadi kupasuka. Ndiyo damu anayoitapika yule mvuvi.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini ini lililokwisha kukakamaa si rahisi kurudi lilivyokuwa. Lililo muhimu ni kuwahi. Wanafunzi hugawiwa dawa hiyo shuleni, na hilo ni jambo jema. Lakini mtoto wa miaka mitatu anayeogeshwa ziwani, mama anayeanika dagaa, mvuvi na mkulima wa mpunga hawapo darasani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba, penye maambukizi mengi, dawa ianzie umri wa miaka miwili na iwafikie watu wazima pia.

Tunaiomba Wizara ya Afya ipeleke dawa mialoni, na halmashauri zipeleke vyoo na maji safi.