Nguo ya Tovuti Yetu Tuishone Wenyewe

Huenda hamna habari kwamba kamati inafikiria kuuondoa ukumbi wa mashairi katika tovuti ya chama chetu. Sababu? Eti mashairi yakifunguliwa kwenye simu "yanavunjika".

Ni kweli yanavunjika, sikatai. Tarbia ina mishororo minne kila ubeti, na kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane kwa nane. Kwenye kompyuta za maabara mambo ni shwari. Kwenye simu, lo! Utao unakatwa katikati, neno moja linaangukia chini peke yake kama abiria aliyeachwa na matatu, na vina vyote vinapotelea humo. Rafiki yangu wa kidato cha pili alimwonyesha mamake shairi lake la kwanza kuchapishwa, mama akauliza kama hiyo ni barua. Msichana wa watu hajaandika tena tangu siku hiyo.

Sasa kuna wanaosema tusiuondoe ukumbi, bali tumlipe fundi mmoja wa mjini shilingi 40,000 atuwekee mandhari mpya. Hilo nalo nalipinga. Mandhari ya kununua ni nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako (mhariri aniwie radhi, neno ni lao). Aliyeibuni hakuwa na habari za ukwapi wala utao. Aliwaza duka la viatu na picha kubwa kubwa. Tutalipa, na utao utaendelea kukatika vile vile.

Dawa tunayo tayari. Tovuti yetu inaendeshwa kwa WordPress, programu iliyoanza mwaka wa 2003, na tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016 ina kisanduku cha kuandikia CSS ya ziada. CSS ndiyo lugha ya kuuvisha ukurasa: rangi, herufi, nafasi, mpangilio. Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka wa 1994 akiwa CERN kule Geneva. Haiyagusi maneno ya shairi hata nukta. Ukikosea, unafuta mistari uliyoandika na ukurasa unarudi ulivyokuwa. Kwa hivyo wale wanaodai eti wanafunzi wataiua tovuti, hebu watulie.

Tena CSS ya leo si ile ya kaka zetu, waliopima kila kitu kwa pikseli na kumwomba Mungu. Tangu 2017 vivinjari vikubwa vinaelewa gridi. Unauambia ubeti "display: grid", unaupa safu wima mbili, basi ukwapi unakaa kushoto na utao kulia, kila kimoja mahali pake. Na tangu 2023 vinaelewa amri ninayoipenda kuliko zote, "@container". Zamani uliulizia upana wa skrini nzima tu. Siku hizi ubeti unaulizia upana wa pale ulipowekwa. Pakiwa finyu, utao unashuka chini ya ukwapi wake, umesogea ndani kidogo, mzima mzima. Shairi lile lile likiwekwa kwenye safu nyembamba ya ukurasa wa kwanza linajipanga lenyewe, hata kwenye kompyuta. Nimelijaribu hili kwenye nakala ya tovuti, na mistari yote ya CSS haikufika ishirini. Ugumu ni mmoja: kila kipande lazima kiwekewe alama yake, shairi baada ya shairi, kwa mkono. Hilo siwafichi.

Wala sijifanyi bingwa. Muhula wa kwanza nilikoroga mambo. Nilifungua faili la mandhari yenyewe nikabadilisha humo humo, na mandhari iliposasishwa, kazi yangu yote ikafutika. Jameni, nililia! Yetu iandikwe kwenye kisanduku, au kwenye mandhari-mtoto. Kosa la pili lilikuwa kubandika "!important" kila mahali, hadi mistari yangu ikawa inapigana yenyewe kwa yenyewe.

Tukiwa humo, tuikoleze pia ile rangi ya kijivu ya maandishi inayowatesa wazazi wakisoma juani. Ni mstari mmoja tu.

Ninachoiomba kamati ni muhula mmoja na ruhusa ya kuingia kwenye tovuti. Fundi wa mjini atangoja, hatakufa njaa. Wanaotaka kusaidia kuweka alama kwenye beti waje maabara Ijumaa baada ya michezo, na waje mapema kwa sababu kompyuta zenye vipanya ni nne pekee. Na wewe rafiki yangu wa kidato cha pili, uje hasa. Tutaanza na shairi lako.