Pesa ya tele, uwanja wa mavumbi

Siku ya mechi kubwa, sisi vijana wa Nyabiondo tunachanga franga za kuingia sine. Wengi wetu tuna diplome, kazi hatuna. Lakini tunalipa. Je, pesa ya mpira inakuliwa na nani?

Mwezi wa kumi 2023, CAF ilianzisha African Football League na timu 8 tu, za kuchaguliwa. TP Mazembe ilikuwamo, lakini Espérance ya Tunis iliipokea Dar es Salaam, si Lubumbashi. Bingwa, Mamelodi Sundowns, alibeba dola milioni 4. Wakubwa wanafuata kamera. Timu ndogo zinazolea wachezaji zinabaki kutazama, kama sisi.

Tele hatuikatai. Kule Tanzania, mwaka 2021, TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Bei ilitangazwa, kila shabiki akaisikia.

Sisi pia tunadai: mikataba ya tele ya mpira wa Congo itangazwe, na fungu la timu za Masisi na Walikale lijulikane. Vijana, tusichoke kuuliza.