Muziki wa Bagamoyo usikike kwanza Bagamoyo

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huzungumzwa mara chache sana magazetini, nalo ni zile santuri za wanamuziki wetu ambazo hutolewa na makampuni madogo ya ng'ambo, husifiwa na wageni, na hapa nyumbani hazisikiki. Sizungumzii bongo fleva, wala dansi, wala taarabu. Hizo zina vituo vyake vya redio, zina wapenzi wake na zina watetezi wake. Nazungumzia muziki ule ambao wafanyabiashara wetu husema kwamba hauuziki. Najua kuwa siku hizi muziki huja kwa simu wala si kwa sahani nyeusi, lakini nitaendelea kusema santuri, kwani neno hilo wasomaji wengi wanalielewa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bagamoyo. Si mwanamuziki. Chuoni nilifundishwa namna ya kufundisha kusoma, kuandika na hesabu, pamoja na nyimbo za kuwachangamsha watoto wadogo, basi. Muziki nausikiliza jioni nikisha kusahihisha madaftari, kwa simu na spika ndogo inayochajiwa kwa umeme wa jua. Kwa hiyo haya ni maoni ya msikilizaji wa kawaida, na mwenye maoni tofauti ajitokeze tujadiliane.

Nianze na marehemu Dakta Hukwe Zawose. Huyu alikuwa Mgogo wa Dodoma aliyeitwa na Mwalimu Nyerere kuja Dar es Salaam katika miaka ya 1960, miaka ambayo nchi changa ilikuwa imeunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana na kuanzisha kikundi cha ngoma cha taifa. Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, yeye alikuwa miongoni mwa walimu wake, akaweka maskani hapa, na alifariki dunia mwezi Desemba 2003. Mwaka 1985 kampuni moja ndogo ya London iitwayo Triple Earth ilitoa santuri yake iitwayo Tanzania Yetu, na baadaye ikafuata Mateso. Kwa maoni yangu Tanzania Yetu ndiyo santuri ya kumwanzishia mtu asiyeujua muziki huu. Sauti za waimbaji zimepangana kama watu wanaolima shamba moja kwa mstari, hakuna anayemkimbia mwenzake, na zeze na filimbi zinasikika kila moja mahali pake.

Lakini ukiniuliza ipi iliyo bora kuliko zote, nitasema ni Chibite, iliyotolewa mwaka 1996 na Real World, kampuni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1989 na mwanamuziki Peter Gabriel. Humo Dakta Zawose anaimba pamoja na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, na ilimba inasikika kwa ukamilifu wake. Kwa wale wasioijua, ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vingi vyembamba vinavyochezwa kwa vidole gumba. Si vyuma vyote vinavyoguswa. Vingine vipo ili vitetemeke vyenyewe wenzao wanapochezwa. Tena sanduku lina vitundu vilivyofunikwa kwa utando wa buibui, na ule utando ndio unaotoa mvumo kama wa nyuki. Watu wengi wakiusikia mvumo huo hudhani ni ubovu wa spika. Sivyo. Mvumo huo umetafutwa kwa makusudi na fundi, na katika Chibite waliorekodi wameuacha kama ulivyo. Ndiyo maana naipenda.

Santuri nisiyoipenda sana ni Assembly ya mwaka 2002, ambayo Dakta Zawose aliifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Canada. Sisemi kwamba ni mbaya. Sauti ya mzee humo bado ina nguvu ya ajabu, na Bwana Brook si mtu wa dharau. Lakini gitaa na mitambo vimejaza nafasi zote, hata ile nafasi ya ukimya ambayo ilimba huihitaji ili mvumo wake usikike. Ni kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akakalia kiti cha mwenye nyumba. Wapo watakaosema kwamba bila gitaa vijana wa Ulaya wasingesikiliza. Huenda ni kweli, lakini mimi si kijana wa Ulaya, nami nina haki ya kutoa maoni yangu kama msikilizaji.

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, nisieleweke kwamba napinga mitambo. Mwaka 2017 Msafiri Zawose, mtoto wa Dakta, alitoa santuri iitwayo Uhamiaji kupitia kampuni ya Soundway ya London. Humo mna vinanda vya umeme na midundo ya kompyuta kwa wingi, nami naisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kuchoka. Tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba ndani ya Uhamiaji mitambo inaifuata ilimba. Ilimba ndiyo inayoshika usukani, na vingine ni abiria. Hivyo basi hoja yangu haihusu uzee wala upya wa chombo. Nauliza nani anaongoza.

Mwaka 2024 ikatoka santuri nyingine ambayo kwangu mimi mwalimu ina maana kubwa kuliko zote, nayo ni Maisha, ya wanawake wanaojiita The Zawose Queens, yaani Pendo Zawose, ambaye ni binti wa Hukwe, na Leah Zawose, ambaye ni mjukuu wake. Katika muziki huu wanawake walikuwa wakiitikia na kupiga ngoma za muheme, na mbele walisimama wanaume. Katika Maisha wanawake wenyewe ndio wanaoongoza nyimbo. Sauti zao hazifanani na ya mzee, wala hazijaribu kufanana nayo. Nyimbo mbili tatu naziona zimepambwa kupita kiasi, lakini ngoma zao zimerekodiwa vizuri mno.

Tukija upande wa Dar es Salaam, iko santuri ya kikundi cha Jagwa Music iitwayo Bongo Hotheads, iliyotolewa mwaka 2012 na Crammed Discs ya Ubelgiji. Huo ni mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, muziki wa vinanda vidogo vya umeme na ngoma katika maharusi ya uswahilini. Iko pia Sounds of Sisso ya mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Walimu wenzangu wengi wanaiona singeli kuwa kelele za wahuni. Mimi nasema baadhi ya maneno yake hayawafai watoto, na mwendo wake unanichosha baada ya nyimbo nne. Lakini anayeijua mdundiko ya Wazaramo atausikia undugu wake na mchiriku na singeli mara moja. Kijana wa Mburahati hakuokota midundo ile Marekani. Ameirithi, akaiongeza mwendo. Tukiita urithi huo uhuni, tusije tukashangaa vijana wakitukataa na sisi.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike. Siku moja nilicheza wimbo wa Chibite darasani, darasa la tano, nikawauliza wanafunzi chombo wanachokisikia ni kipi. Mmoja alisema gitaa la Kihindi, mwingine akasema kinanda kimeharibika betri. Hawa ni watoto wa Wilaya ya Bagamoyo! Ilimba inatengenezwa na kupigwa mjini kwao, wageni wanapanda ndege kuja kuisikiliza, nao hawaitambui. Siwalaumu hata kidogo. Wangeisikia wapi? Niliwahi kuandika kwa kituo kimoja cha redio kuomba muziki huo upigwe walau mara moja kwa wiki, nikajibiwa kwamba wasikilizaji hawautaki. Nauliza, msikilizaji atakatae kitu ambacho hajapata kukionja?

Na kuununua nako ni shida. Santuri hizi huuzwa katika mtandao kwa fedha za kigeni, na malipo ni kwa kadi ya benki. Mzazi wa kijijini kwangu atapata wapi kadi hiyo? Kwa hiyo muziki uliopigwa na majirani zake unamfikia mtu wa Bristol kabla ya kumfikia yeye.

Wapo watakaosema, "Huo ni muziki wa Wagogo, sisi watu wa Pwani unatuhusu nini?" Hoja hiyo haina mashiko. Bagamoyo ni mji uliojengwa na watu waliokuja, na waliokuja wakakaa huhesabiwa kuwa wenyeji. Tena kumtukuza Mzawose si kumsahau Mkwere wala Mdoe. Ngoma zao nazo zirekodiwe kwa uangalifu ule ule, na ningefurahi kuwa wa kwanza kuzitolea maoni.

Wengine husema huu ni muziki wa watalii. Hapa wana hoja kidogo, ila wameishika kwa upande usiofaa. Fundi mmoja ninayemfahamu hutengeneza ilimba ndogo zilizochorwa twiga na minazi kwa ajili ya watalii. Vyuma vyake havikupangwa kwa sauti, kwani mnunuzi ataitundika ukutani. Ilimba ya kweli, ya kupigwa, huagizwa mara chache sana. Shule yetu ilipomwomba atutengenezee mbili za kweli, kwa mchango wa wazazi, alifurahi akaja mwenyewe kuwafundisha watoto kuzipanga sauti. Ikiwa sisi wenyeji hatuagizi, fundi ataendelea kuwauzia wenye kuagiza, na siku atakapofariki, mapambo yatabaki na ufundi utakuwa umekwenda. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Napenda pia kueleza kwamba waliojitokeza kwanza kujifunza ilimba hizo mbili walikuwa wasichana. Mzee mmoja alilalamika kwamba kazi hiyo haiwafai wanawake. Hatukubishana naye. Tulimkaribisha kitini, tukamchezea Maisha kwa ile spika ndogo. Alisikiliza nyimbo tatu kimya, kisha akauliza kama hao ni watoto wa Zawose. Tulipomjibu ndiyo, alisema basi waendelee, lakini wasiache kuteka maji. Wasichana wanaendelea, na maji wanateka zamu kwa zamu na wavulana.

Kutokana na hayo, natoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, redio zetu, na hasa redio ya Taifa, zitenge nusu saa kila wiki kwa ajili ya santuri za namna hii, na mtangazaji aeleze chombo kinachosikika ni kipi, kimetoka wapi na nani anakipiga.

Pili, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, ambayo ndiyo iliyokuwa Chuo cha Sanaa, ikubaliane na makampuni hayo ya ng'ambo ili nakala za kila santuri iliyotoka Bagamoyo zirudi hapa, na shule za wilaya ziruhusiwe kuzisikiliza bila malipo. Hali kadhalika Ofisi ya Hakimiliki ihakikishe kwamba wanamuziki na warithi wao wanapata haki yao kutoka huko ng'ambo, kwani sheria tunayo tangu mwaka 1999.

Tatu, somo la Sanaa na Michezo lisiishie katika kukimbiza mpira. Kila shule ya msingi iwe na walau chombo kimoja cha muziki wa nchi hii, kinunuliwe kwa fundi wa mahali hapo, na vyuo vya ualimu vimfundishe mwalimu kukipiga. Mimi sikufundishwa, nami nalazimika kujifunza pamoja na wanafunzi wangu.

Nne, tamasha la sanaa linalofanyika Bagamoyo kila mwaka litenge siku moja kwa ajili ya wanafunzi wa vijijini, na usafiri upatikane. Kutoka vijiji vya upande wa Saadani hadi mjini si mwendo wa mtoto kwa miguu.

Nchi za wenzetu zinatupa sifa kwa ajili ya muziki huu, nasi tunashukuru. Lakini sifa ya jirani haimshibishi mtoto aliyelala njaa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nawaomba wasomaji wenzangu wenye santuri hizi, au wenye kumbukumbu za wapigaji wa vijijini kwao, waandike pia katika ukurasa huu.

Ni mimi katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bagamoyo.