Staa, Kava la Albamu na Zile "A" Tatu

Wadau, kuna kava la albamu linatrendi mjini. Staa mwenyewe (jina kapuni) kaposti kwamba maandishi yote ni "kazi ya mkono, brashi tupu". Mashabiki wakamwaga makopakopa. Sasa zuumu jina la albamu. Kuna "A" tatu, na zote zina mkwaruzo uleule wa brashi kwenye mguu wa kulia. Mkono wa binadamu haurudii hivyo, hiyo ni fonti. Zipo fonti zenye "A" za kubadilishia, ila dizaina hata hakuhangaika.

Kutumia fonti si kosa, kosa ni kujipa sifa za fundi. Na za chini ya kapeti zinasema timu ya staa ilimfuata fundi wa kuandika mabango, akataja laki tatu, wakamwona mwizi. Wakati viatu tu vya kwenye hilo kava, mh!

Laki tatu inalipia nini? Fundi anapiga mistari kwa chaki, anapima neno zima, anachora kwa penseli, ndo brashi inashuka. "O" anaivusha mistari kidogo juu na chini, maana ikiishia palepale inaonekana ndogo kuliko wenzake. "W" ikikaa na "A" anazibananisha, kwa sababu zimeinama na pengo lake hudanganya jicho. Hayo anayafanya upya kwa kila neno, hata kwenye bango la saluni.

Na hizo fonti zenyewe zimetoka wapi? Ile Trajan, iliyojaa kwenye mabango ya muvi za Hollywood, Carol Twombly wa Adobe aliichora 1989 akifuata maandishi ya mnara wa Trajan kule Roma, wa mwaka 113. Mtu aliyetetea kwamba herufi zile zilipakwa kwanza kwa brashi ndipo zikachongwa kwenye jiwe ni Edward Catich, padri wa Marekani. Alilijuaje hilo? Kabla ya upadri aliwahi kuwa fundi wa mabango Chicago! Maprofesa walikuwepo, ila aliyeshika brashi ndiye aliyeiona.

Albamu bado haijatoka. Staa afute hayo maneno ya "brashi tupu", au amrudie yule fundi na laki tatu zake. Na safari hii asiombe punguzo.