"Tafsiri Hii": wimbo wa Dandora unaotuhusu Mombasa

Mwishoni mwa miaka ya 90, vijana watatu wa mtaa wa Dandora, Nairobi, waliojiita Kalamashaka, walivuma na wimbo wao "Tafsiri Hii". Ni katika nyimbo za mwanzo za rap ya Kiswahili kusikika Kenya nzima. Wimbo unaeleza maisha ya mtaa wao: ukata, uhalifu, na kijana anayetafuta pa kutokea.

Nimeukumbuka kwa sababu ya yanayotufika hapa Mombasa. Miaka ya karibuni, wakazi wa Kisauni na Likoni wamekatwa mapanga na makundi ya vijana, baadhi yao hawajafikia hata umri wa kupata kitambulisho. Kila tukio likitokea, nasikia maneno yale yale: vijana wameharibiwa na nyimbo za kihuni.

Sikubaliani na kauli hiyo. Sisi watu wa Pwani ndio wenye mafumbo. Tungo za Muyaka tunazisoma mara mbili mbili tukiuliza alikuwa akimlenga nani. Taarabu ikiimbwa harusini, kila mtu anajua kwamba si ua linaloimbwa pale. Mbona kijana wa mtaani akiimba kuhusu wizi tunachukua maneno juu juu, tukasema anausifu?

Jina la wimbo lenyewe ni ombi. Kalamashaka hawakusema "tusameheni", wala hawakusema "tuigeni". Walisema tafsiri, yaani tazama haya kisha ueleze yametoka wapi. Kwa ufahamu wangu, wimbo unapanga mambo kwa mfuatano wake: shida inatangulia, uhalifu unafuata. Wahenga walishasema, mwenye njaa hana miiko.

Lakini kueleza si kutetea. Mama aliyekatwa panga akitoka kazini hana deni la kumwelewa aliyemkata. Aliyefanya hivyo akamatwe, afikishwe mahakamani, ahukumiwe kwa sheria, na asipigwe risasi vichochoroni. Ninachosema ni kwamba msako humkamata aliyeshika panga leo. Haumfikii mdogo wake anayekaa maskani bila kazi wala shule, akisubiri zamu yake.

Tumaini la wimbo huu naliona katika kile waimbaji walichokifanya. Waliishi katika shida ile ile wanayoisimulia, wakashika maikrofoni, kisha wakawavuta wenzao. Vijana wa Dandora waliungana na kundi la Ukoo Flani la hapa hapa Mombasa, wakawa Ukoo Flani Mau Mau, na mwaka 2004 wakashirikiana katika albamu "Kilio cha Haki". Kwa hivyo huu si wimbo wa bara tu. Vijana wetu walikuwa ndani ya safari ile.

Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Kwetu lilikuwa njiani, sasa limefika. Naomba viongozi wa kaunti, maimamu, wachungaji na wazee wa mitaa wasingojee panga lingine ndipo waitane vikao. Waende maskani sasa, wawaulize vijana wanataka kujifunza kazi gani na nini kimewazuia, kisha wahakikishe nafasi za mafunzo zinawafikia hao, badala ya kuishia kwa watoto wa wenye kujuana. Hiyo ndiyo tafsiri tuliyoombwa.