SAFU YA AFYA: Mwili wa Askari na Mwili wa Kibarua



Ndugu zetu wasomaji wa Louisville, Columbus na Buffalo, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika ukurasa huu, twapenda kuanza na habari ya kijana mmoja wa Louisville, ambaye jina lake tumelihifadhi kwa ombi la wazazi wake. Kijana huyo alipata kazi ya kupakia mizigo katika ghala mwanzoni mwa mwezi wa Julai. Siku ya tatu, akiwa ndani ya tela la lori lililoshinda juani, alianza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Alhamdulillahi, wenzake walimtoa nje upesi, wakammwagia maji ya baridi na kuita gari la wagonjwa, na leo yu mzima.

Tulipokwenda kumjulia hali, mzee mmoja kati yetu alimwuliza, "Mwanangu, mbona hukusema mapema kwamba umezidiwa?" Naye akajibu kwa sauti ndogo, "Niliona haya, mzee wangu. Msimamizi aliniambia kwamba mtu aliyetoka Afrika joto si kitu kwake. Nami nikaamini hivyo hivyo."

Jibu hilo lilitukaa moyoni, kwani wengi katika sisi tunaamini vivyo hivyo. Je, ni kweli? Swali hili limekwisha kujibiwa, tena na watu waliokuwa jirani zetu. Fort Knox, iliyo kiasi cha kilomita 55 kusini ya Louisville, twaijua kwa sababu ya dhahabu ya serikali iliyohifadhiwa pale. Lakini mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilifungua pale maabara ya utabibu kwa ajili ya askari wa vifaru. Kifaru ni chuma kilichofungwa, na jua linapokipiga, waliomo ndani huwa kama mkate ndani ya tanuri. Wakubwa wa jeshi walitaka kujua mwili wa binadamu unaweza kuvumilia kiasi gani, na kwa njia gani unaweza kusaidiwa.

Madaktari wa maabara ile waliwaingiza askari wa kujitolea katika vyumba vilivyotiwa joto, wakawatembeza na mizigo mgongoni siku baada ya siku, huku wakiwapima mapigo ya moyo na joto la mwili. Siku ya kwanza vijana wenye afya kamili walizimia au kushindwa kumaliza. Baada ya juma moja hivi, wale wale waliifanya kazi ile ile bila ya taabu kubwa. Mwili ulikuwa umejifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi, na moyo umejifunza kwenda kwa utulivu. Hakuna aliyezaliwa na elimu hiyo. Kila mmoja aliipata kwa kuzoeshwa, na asipoendelea nayo humpotea ndani ya majuma machache. Kwa hiyo kijana aliyepitisha majira ya baridi Kentucky, hata kama alizaliwa Mombasa au Kismayu, huingia Julai akiwa sawa na mwenzake aliyezaliwa hapa hapa. Joto la nyumbani haliwekwi akiba.

Jambo la pili walilolithibitisha ni lile ambalo bibi zetu walilijua kwa mtungi. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu unyevu unaopenya udongo hukauka, na ukikauka huondoka na joto. Siku ya hewa nzito yenye unyevu mwingi, mtungi haupoi sana. Mwili wetu ndiyo huo mtungi. Jasho linalodondoka chini halipozi chochote. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Kwa sababu hiyo madaktari wa Fort Knox walitumia kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Waliona kwamba kipimo hicho kikiwa chini ya nyuzi 91 za Farenhaiti, yaani kama 33 za sentigredi, askari aliyezoea huweza kufanya kazi. Kati ya 91 na 94 hutaabika, na kupita 94 hawezi. Katika miaka ya 1950, baada ya makuruta wengi kuugua kwa joto katika kambi ya Parris Island, South Carolina, ulibuniwa mpango wa kuchanganya joto, unyevu na ukali wa jua katika kipimo kimoja. Mpaka leo kambi hupandisha bendera kulingana na kipimo hicho, na ikipanda bendera nyeusi mazoezi mazito husimamishwa. Askari ana bendera ya kumlinda. Kibarua wa ghala bendera yake ni akili yake na ulimi wake.

Ndugu zetu wa Buffalo nao wana jirani mwenye elimu. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka kwao, mwanachuoni Edward Adolph aliongoza wakati wa vita ile ile uchunguzi wa askari katika jangwa la California, na mwaka 1947 kikatoka kitabu chake. Kulikuwa na maafisa walioamini kwamba askari anaweza kufundishwa kuishi kwa maji machache. Adolph alionyesha kwamba hilo haliwezekani. Anayenyimwa maji hazoei, hudhoofika tu. Alionyesha pia kwamba kiu huchelewa, kwa maana mtu anayefanya kazi juani hunywa pungufu ya jasho analolitoa, asijitambue mpaka anapokaa kula. Basi tusingoje kiu. Walakini kila jambo lina kiasi. Mwaka 1998 jeshi lilipunguza viwango vyake vya maji, baada ya baadhi ya makuruta kudhurika kwa kunywa kupita kiasi, na likaagiza yasizidi takriban lita moja na nusu kwa saa.

Hapa twawakumbuka babu zetu. Jina la Kariakoo, liwe la Dar es Salaam au la Nairobi, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hesabu za serikali wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wako wanahistoria wanaokadiria kuwa huenda walikaribia 100,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa, baridi ya nyanda za juu, na unga wa mahindi wasiouzoea na usiopikwa ukaiva.  Elimu hii ilipokuja kupatikana, ilipatikana kwa jasho la askari wengine. Sisi wajukuu, tulioikuta tayari, hatuna udhuru wa kuiacha.

Ama kuhusu uzito, tumepokea maswali kutoka Columbus juu ya vijana wanaotaka kuandikishwa jeshini na kuambiwa kwamba mizani inawakataa. Uamuzi wa kujiunga ni wa kijana na wazazi wake, nasi hatuuingilii. Lakini ni vyema kujua kwamba mizani haisemi yote. Mwaka 1942 daktari wa jeshi la majini, Albert Behnke, aliwapima wachezaji 25 wa mpira wa Kimarekani wanaolipwa. Kwa jedwali la uzito na kimo, 17 kati yao wasingefaa jeshini. Alipowapima ndani ya maji, kwa kuwa mafuta huelea na misuli huzama, alikuta kwamba wengi wa wale waliohesabiwa wanene walikuwa na mafuta machache. Uzito wao ulikuwa ni misuli. Ndiyo sababu jeshi likaja kutumia utepe wa kupimia kama wa fundi cherehani, na mwaka 2023 jeshi la nchi kavu likaanza kupima tumbo peke yake, penye kitovu, pamoja na uzito. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo kijana aombe maandishi ya siku hizo, asitegemee maneno ya barazani.

Faida ya elimu hiyo si ya askari pekee. Mafuta yanayotukaa tumboni ndiyo yanayoandamana zaidi na kisukari na maradhi ya moyo. Mwaka 2022 taasisi ya afya ya Uingereza iitwayo NICE iliwashauri watu wazima kwamba kiuno kisifikie nusu ya kimo. Mama yeyote anaweza kupima nyumbani: kata uzi wa urefu wako, ukunje mara mbili, kisha uuzungushe kiunoni. Usipofika, soda na vitumbua vipungue, na matembezi yaongezeke.

Hatuwezi kuwaacha watu wa Buffalo bila ya neno juu ya baridi, kwa kuwa tufani ya theluji ya Desemba 2022 ilichukua roho zaidi ya 40 katika eneo lao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, ulioangalia kumbukumbu za jeshi la Marekani za mwaka 1980 hadi 1999, ulionyesha kwamba askari wanaume weusi waliumizwa na baridi kiasi cha mara nne kuliko wenzao weupe, na wanawake weusi kiasi cha mara mbili. Hili si la kuonea haya. Ni la kujihadhari. Anayekwenda msikitini alfajiri akaushe vizuri maji ya udhu, hasa masikioni na katikati ya vidole, kabla ya kutoka. Soksi zikilowa zibadilishwe. Kidole kikifa ganzi na kupauka, ingia ndani, kiweke katika maji ya uvuguvugu, usikisugue wala usikiote motoni.

Tunarudi kwa kijana wetu. Shauri la wataalamu wa afya ya kazi hapa Marekani ni kwamba mgeni wa kazi ya joto aanze kwa sehemu moja ya tano ya zamu siku ya kwanza, kisha aongezewe sehemu kama hiyo kila siku, kwa sababu vifo vingi vya joto kazini hutokea siku za mwanzo. Mwenzako akianza kuropoka au kupepesuka, usimpeleke kupumzika peke yake. Piga 911, na mpoze kwa maji na barafu papo hapo kabla gari halijafika. Anayelipa deni la Ramadhani au kufunga Ashura katika siku ndefu za joto, na kazi yake ni ya kubeba, amwulize imamu wake mapema. Dini yetu haikumfungia mlango aliyezidiwa. Aidha, sheria ya taifa ya mwaka 1970 inakataza mfanyakazi kuadhibiwa kwa kulalamikia hatari ya kazini. Ohio na New York wafanyakazi wa makampuni hupeleka malalamiko OSHA. Kentucky ina ofisi yake ya jimbo.

Kijana yule amerudi kazini, katika ghala jingine. Siku ya kwanza alimwambia msimamizi wake, "Mimi ni mgeni wa joto hili." Tunaomba kila mzazi amfundishe mwanawe sentensi hiyo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kabla ya mwezi wa Juni. Nawe ukimaliza kuusoma ukurasa huu, mpe jirani.

Wabillahi tawfiq.